Mtu Asiyekuwepo Alasiri

Nimefundisha Fizikia kwa miaka kumi na tisa katika shule moja ya sekondari hapa Handeni, na neno nililolitumia darasani kuliko mengine yote ni "haiwezekani". Nalipenda neno hilo. Kila mwaka maonyesho ya sayansi yakikaribia, wanafunzi huniletea ile mashine: feni inazungusha dainamo, dainamo inaendesha feni, feni inazungusha dainamo, na kijiji kizima kinapata umeme wa bure mpaka siku ya kiyama. Kila mwaka huwa imebuniwa upya na mtu anayesadiki kwamba hakuna aliyewahi kuiwaza kabla yake. Huwa naitazama kwa heshima, nauliza waya huu unakwenda wapi, kisha nasema haiwezekani. Sisemi kwa ukatili. Nasema tu, naye anakusanya waya zake.

Nje ya darasa neno hilo limechakaa. Ofisini ukiambiwa haiwezekani, maana yake mwenye mhuri hajarudi kutoka kula. Fundi akikwambia haiwezekani, jua hajajaribu. Ya hesabu ndiyo safi: pembetatu yenye pembe mraba mbili haipo, na haitapatikana hata ukiwa na barua ya mkurugenzi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukiondoa hiyo na ile ya fizikia, zilizobaki zote ni uvivu wa watu. Halafu mama mkwe wangu akahamia kwangu.

Mke wangu ni Msambaa, kwao ni Lutindi, huko juu milimani Korogwe. Mimi ni Mzigua wa hapa hapa. Kwetu nasi tunamheshimu mama mkwe, lakini heshima yenyewe siku hizi imelegea. Nimehudhuria harusi ambazo mkwe na mama mkwe walicheza muziki pamoja huku mpiga picha akiwaambia wasogeleane. Ukoo wa mke wangu haukulegea. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na mkikutana njiani wewe mwanamume unaingia porini unasubiri apite. Njia nyingi za Lutindi zina mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, kwa hiyo ukwe ule ulikuwa na mazoezi ya mwili ndani yake. Najua koo zinazolimaliza jambo hili kwa mbuzi. Niliwahi kuuliza habari za mbuzi. Nikajibiwa kwamba wao mbuzi wanao.

Hivyo kwa miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa nimemwona mama mkwe mgongo, mara nyingi tu, na ncha ya khanga yake ikiishilia kwenye kona ya nyumba. Sauti yake niliijua kupitia ukuta. Yeye naamini alinijua kwa kikohozi, maana nilifundishwa kukohoa kabla ya kuingia uani.

Kisha macho yake yakaanza kufunga. Kwa muda alificha, akawa anasema kuna ukungu, na kwa kuwa Lutindi ukungu upo kweli hakuna aliyemtilia shaka. Siku alipotoka kwenda shambani akaiacha njia akaangukia kwenye migomba ya jirani, jirani alipiga simu. Mwanawe wa kiume yuko mbali, kusini, kwenye kazi za kandarasi, leo hapa kesho kule. Mke wangu ndiye mtoto mwingine. Akapanda, akamteremsha mama yake mpaka Handeni, kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu, ambamo kwa mujibu wa mila zao hakutakiwa hata kuvua viatu.

Alikaa siku nzima uani kwenye kiti cha plastiki, akikataa kuingia. Mimi nilikaa siku nzima kwa jirani, nikikataa kutoka. Kuelekea magharibi alimwita mwanawe akatoa hukumu, nami niliisikia kupitia ua wa mabati.

"Mkwe ni mtu wa kutoonekana," alisema. "Mimi sioni. Basi haonekani. Mimi nimekuja kukaa kwa mwanangu, na mwanangu anaishi peke yake. Nipeleke ndani, mbu wameanza."

Nilivutiwa na hoja ile. Ina tundu, lakini nimesoma vitabu vyenye matundu makubwa zaidi na vimepigwa jalada gumu.

Mke wangu ana cherehani sokoni na hurudi magharibi. Watoto wetu wote wawili wako shule za bweni. Mimi hutoka shuleni saa tisa, na saa tisa na nusu niko nyumbani. Kwa hiyo kila alasiri nyumba ilikuwa na watu wawili, ambao kwa hesabu ya mmoja wao walikuwa mmoja. Siku za kwanza nilitembea kwa vidole vya miguu. Nilisahihisha madaftari jikoni, nimekaa juu ya ndoo. Yeye alikaa sebuleni akisikiliza redio, na sote wawili tulikuwa tunajibana kikohozi.

Siku ya nne akazima redio akasema, bila kumwelekea mtu, "Kungekuwa na mtu humu ndani ningeomba maji."

Nikayapeleka. Nikaweka kikombe kwenye stuli, nikakigonga kwa kijiko ili ajue kilipo, nikarudi jikoni. Nikamsikia anakunywa mpaka mwisho.

"Maji ya Handeni ni taabu kupatikana," akasema, "lakini yanajileta."

Tukaendelea hivyo. Baada ya wiki mbili sikuwa tena jikoni. Nilikuwa nimehamia kwenye kiti cha dirishani, nimempa mgongo, maana hata asiyekuwepo anapaswa kuwa na adabu. Yeye aliongea na mlango. Mimi nililijibu dirisha. Jirani aliyetupita nje aliniona nikilieleza dirisha kuhusu mvua za vuli, na tangu siku ile hunisalimia kwa upole wa ajabu.

Nataka ieleweke kwamba kutokuwepo ni kazi. Wanafalsafa wanabishana kama kitu kisichokuwepo kinaweza kuwa na sifa yoyote. Mimi sikuwepo, na nilikuwa napepeta mchele, nabadilisha betri za redio, na siku za Jumatano nateka maji kwa sababu ndiyo zamu ya mtaa wetu.

Mama yule alikuwa mbishi. Redio ilisema wamepeleka chombo mwezini, akauuliza mlango kama ni kweli. Nikaliambia dirisha ni kweli.

"Kinarudi?"

"Vingine vinarudi, vingine havirudi."

"Hivyo visivyorudi navielewa," akasema.

Siku nyingine nilimsimulia ile mashine ya wanafunzi, feni na dainamo, na jinsi ninavyowaambia haiwezekani. Nilitegemea acheke. Akauliza, "Na wewe mlango uliwahi kuiunda ukaona imekataa?"

Nikasema sijawahi.

"Sasa unajuaje?"

Nikaeleza kwamba hakuna aliyewahi kupata nguvu nyingi kuliko alizotia. Watu wamejaribu tangu zamani, hakuna aliyeona.

"Kumbe hujaona tu," akasema. "Mimi nilidhani kuna jambo unalijua."

Nilikaa na sentensi hiyo siku nne. Nilikuwa na jibu, lakini lilihitaji ubao. Siku ya tano nilimwambia, yaani nililiambia dirisha, kwamba sheria si mkusanyiko wa mambo ambayo hayajaonekana, sheria inasema kwa nini hayataonekana. Akasema hilo ni jibu zuri na kwamba mlango umekuwa ukilifikiria, inasikika. Nikaona aibu, na nikafurahi sana.

Nikaanza kuondoka shuleni mara kengele inapolia. Walimu wenzangu walidhani nimeanzisha mradi wa kuku. Wazazi wangu walifariki nikiwa chuoni, na tangu hapo sikuwa na mtu mzima wa kunibishia kwa raha namna ile, bila kutaka kunishinda, anabisha kwa sababu alasiri ni ndefu. Nilimpenda mama yule. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo haya yanayofuata hayaeleweki.

Jumatatu moja mke wangu alirudi kutoka sokoni na habari. Madaktari wa macho wanakuja Korogwe kwa wiki moja, hospitalini, wanapasua mtoto wa jicho bila malipo. Orodha inafungwa Jumatatu inayofuata. Mhudumu wa afya wa mtaa alishamwangalia mama mkwe macho kwa tochi na kusema ni mtoto wa jicho huo, wa kawaida kabisa, wa kuondoka. Wakati mwingine watakuja lini, hakuna anayejua.

Mama akasema haiwezekani.

Hakusema kwa hofu. Alisema kama ninavyosema mimi darasani. Mama yake mzazi aliingia gizani akafia humo. Mama yake mdogo vivyo hivyo. Jicho likifunga limefunga, na yeye katika maisha yake yote hajawahi kuona kipofu aliyeona. Mke wangu akamkumbusha kwamba kanisani kwao kila mwaka husomwa habari za vipofu waliofunguliwa macho. Mama akajibu kwamba hao hawakujaza fomu.

Chumbani, kwa sauti ya chini, mke wangu akaniambia, "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwalimu, na anakusikiliza."

"Mimi sipo," nikasema.

"Basi mwambie ukiwa haupo."

Kesho yake alasiri nilikaa kwenye kiti changu nikamwelezea. Nilimwambia jicho ni kandili. Ndani utambi unawaka vizuri tu, tatizo ni chimni, kile kioo chake, imeshika moshi. Mtu aliyesafisha chimni maisha yake yote atanielewa, nilijiambia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Chimni huwezi kuisafisha ikiwa imo," akasema. "Lazima uitoe kwanza."

"Hata hii wanaitoa," nikasema.

 Akashika macho yake kwa viganja vyote viwili. Siku ile hakuuliza tena kitu, na jioni mke wangu alipofika alimkuta amejifungia chumbani, akisema anataka kurudi Lutindi kabla hawajamng'oa macho na kuyasugua kwa majivu.

Mke wangu alinitazama kwa muda. "Umefundisha lenzi miaka kumi na tisa," akasema, akaenda kupika.

Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Ningeweza kumwambia mama kwamba kinachotolewa ni kitu kidogo kama punje ya dengu, kwamba jicho lenyewe halitoki mahali pake. Wanafunzi wa kidato cha tatu nawaeleza hilo kwa dakika tano na hakuna anayeshika macho. Kwake nilichagua kandili, na nilipoona amekosea sikumrekebisha. Alipokaa kimya, nami nilikaa kimya. Nilijua vizuri kwamba akiona, nitakuwepo. Na nikiwepo, hatakaa humu ndani hata siku moja. Nilikuwa nafundisha vibaya kwa makusudi, mimi ambaye nimewahi kumwandikia mwanafunzi barua ya onyo kwa uzembe.

Jumatano na Alhamisi sikusema kitu. Niliteka maji. Nilijiambia kwamba uamuzi ni wake, mtu mzima halazimishwi. Ni maneno mazuri na niliyatumia vibaya.

Ijumaa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kwa vidole, na alikuwa anauchambua vizuri kuliko sisi tunaoona. Akasema, "Mlango. Mwanangu ameota mvi?"

Nikakaa.

"Nauliza kwa sababu mvi hazishikiki kwa mkono. Mara ya mwisho kumwona vizuri alikuwa na uso wa msichana. Sasa jioni namsikia akikaa kwenye kiti, anaguna kama ninavyoguna mimi. Nataka kujua kama bado ni mtu wa kutumwa au ni mtu wa kuhurumiwa."

Nilifungua mdomo nikagundua kwamba sijui. Nikaliambia dirisha nitaangalia. Jioni, mke wangu akiwa amekaa chini ya taa akishona kifungo cha shati langu, nikaangalia. Alikuwa na mvi juu ya masikio, si chache. Alikuwa na mistari miwili kandokando ya mdomo ambayo hakuna aliyenitangazia. Alinyanyua uso akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Macho yangu ni mazima, hata miwani sivai.

Mwalimu mmoja wa shuleni kwetu alikuwa ameniambia kitambo kwamba shangazi yake, muuza machungwa pale Segera, alikuwa haoni akapasuliwa, na sasa hakuna anayeweza kumpitishia noti mbovu. Jumamosi alfajiri nilipanda basi, nikashuka Mkata, nikapanda jingine mpaka Segera. Nilimkuta njia panda, ana beseni kichwani, anakimbilia madirisha ya mabasi. Nilisubiri mabasi matatu yapite. Nikamsalimia, shikamoo mama, nikamweleza shida yangu. Akaniangalia toka viatuni mpaka kichwani akaniambia kola yangu imefumuka nyuma, kisha akasema atakuja nikinunua machungwa yote yaliyobaki. Tulirudi Handeni na kiroba kizima.

Nilimketisha karibu na mama mkwe, nikaenda kwenye kiti changu, nikageukia dirisha. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, mmoja kwa Kisambaa chake na mwingine kwa Kizigua, wakakutana katikati. Halafu mgeni akageuza shingo.

"Na huyu baba," akauliza, "mbona anatazama nje?"

"Yupi?" akauliza mama mkwe.

Mgeni akanitazama. Akamtazama mwenzake. Akafikicha jicho.

"Basi," akasema, "labda nimeona vibaya."

Hapo niliogopa kwamba nimeharibu ushahidi wangu mwenyewe. Lakini yule mama alikuwa muuzaji, hakukaa sana kwenye jambo lisilo na faida. Akaeleza. Alilazwa chali, akafunikwa uso, akawekewa dawa ya ganzi. Jicho halikutoka, lilikuwepo muda wote, alikuwa analigusa kwa ndani kwa mawazo. Alimsikia daktari akiuliza chakula cha mchana ni nini. Kabla hajajibiwa, akaambiwa tayari. Kesho yake walipofungua kitambaa, kitu cha kwanza alichokiona ni mikono ya bibi mmoja mzee, akashangaa huyu bibi kanikalia mapajani kwa nini, kumbe ni mikono yake.

"Na nyumbani?" akauliza mama mkwe.

"Nyumbani nililia, dada. Miaka yote nilidhani mkwe wangu wa kike anafagia."

Mama mkwe akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni. Akaomba ruhusa, akampapasa yule mama uso mzima, akasimamisha kidole kwenye kope zake, akamwambia afumbe, afumbue, afumbe. Akaridhika kwamba kweli jicho limo.

Nilimsindikiza mgeni kupanda basi, nikarudi. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama na mke wangu alikuwa bado sokoni. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, na chungwa mkononi ambalo hakulimenya.

"Mlango."

"Naam."

"Kumbe inawezekana."

"Inawezekana."

"Nikiona, humu ndani mtu atakuwepo."

"Ndiyo."

"Akiwepo, mimi siwezi kukaa. Nitarudi Lutindi."

Nikaliambia dirisha kwamba mila zimeundwa na watu, na watu wanaweza kuzibadilisha. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejiandaa kwenye basi.

"Zinabadilika," akasema. "Nasikia huko kwenye harusi wanacheza. Lakini mama yangu alimficha uso mume wangu mpaka siku anaingia kaburini, na alikuwa anampenda kuliko watoto wake wa kuwazaa. Nikikaa mimi namtazama mkwe wangu machoni, nitakuwa nimemwambia mama kwamba alijitaabisha bure. Hilo ndilo silitaki." Akalizungusha lile chungwa. "Tangu baba yao afariki sijakaa na mtu anayenijibu. Kule juu ni kuku tu. Sasa mlango uniambie. Niende, au nibaki hivi hivi? Ukisema nibaki, nabaki, na sitakulaumu."

Nilikuwa na neno langu. Lilikuwa mdomoni tayari, nimelizoea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu alikuwa ananiomba nilitumie. Ningesema tu kwamba umri umekwenda, kwamba wakati mwingine inashindikana, ambayo ni kweli. Orodha ingefungwa Jumatatu. Alasiri zetu zingeendelea, pengine miaka kumi. Nilihesabu miaka hiyo. Sijivunii, lakini niliihesabu.

Nikageuka kutoka dirishani. Nikamtazama usoni, jambo ambalo hata katika kutokuwepo kwangu sikuwahi kulifanya. Alikuwa na uso wa mke wangu, uliotangulia mbele.

"Nenda, mama," nikasema. "Ukamwone mwanao. Ana mvi."

Alishtuka, maana sauti haikutoka ilikozoea kutoka. Akatega sikio. Mkono wake ukaanza kutafuta ncha ya khanga, ukaishika, ukasimama hapo.

"Sijasikia mtu," akasema. "Ila akija mwanangu, mlango umwambie atafute hiyo fomu."

Jumatatu tulikwenda Korogwe. Wao walikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi, mimi nikakaa karibu na dereva. Aliandikishwa mchana, karibu na mwisho wa orodha, akapasuliwa Jumanne, jicho la kulia kwanza. Mke wangu alilala naye wodini. Mimi nililala nyumba ya wageni yenye feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na sikuifikiria kabisa inaendeshwa na nini.

Jumatano asubuhi waliwatoa wagonjwa barazani, wamekaa kwenye benchi mstari mmoja, kila mmoja na kitambaa cheupe jichoni. Nilisimama mbali, kwenye bomba, na chupa ya chai niliyotumwa kununua. Muuguzi alipita akifungua vitambaa. Alipofika kwa mama mkwe akamfungua, akamwacha apepese kidogo, akainua vidole.

"Hivi ni vingapi, bibi?"

"Viwili."

"Na hivi?"

"Vinne."

Vilikuwa viwili, na vilikuwa vinne. Mke wangu alinitafuta kwa macho, nami niliona kwamba haamini. Hata mimi sikuamini. Mama yule alikuwa hodari wa kubahatisha, alikuwa ameishi nasi miezi yote ile akiwajua wageni kwa viatu vyao, na vidole vya muuguzi vina majibu matano tu. Kwa hesabu, mtu anaweza kupata mara mbili bila kuona chochote. Mke wangu akaanza kuinamia uso wa mama yake, akitaka kuuliza, anaogopa kuuliza.

"Ndugu wa mgonjwa alete chai," muuguzi akasema.

Nikaipeleka. Sikufikiri. Kwa miezi mingi nilikuwa nimempelekea mama yule kikombe kila alasiri, na miguu yangu ilikwenda tu. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili aliponyanyua uso.

Jicho lile lilikuwa jekundu na linatoa machozi. Lilianzia kwenye viatu vyangu, likapanda suruali, likafika kwenye ile kola, likafika usoni, likasimama. Alinitazama. Darasani ningesema ni sekunde mbili, tatu. Uso wake ukataka kufanya kitu, sijui kitu gani, midomo ilianza. Kisha akashika khanga, akaivuta ikafunika kichwa na uso mzima, akageukia ukutani.

Muuguzi akamwinamia. "Bibi, mwanga unaumiza?"

"Hauumizi."

"Sasa nini?"

"Kuna mtu," akasema.

Mke wangu akaanza kulia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote. Mimi nikaweka chupa ya chai sakafuni, nikageuka, nikaondoka haraka kama inavyotakiwa, na nilikuwa nimefika getini ndipo nilipogundua kwamba nami nalia.